Ngumi Aliyoombwa kwa Adabu

Orest Hrynkiw hakuajiriwa kufunga mabao. Miaka yote ya hoki ya barafuni, katika miji midogo ya majimbo ya Saskatchewan na Manitoba, kazi yake ilikuwa ngumi. Mfungaji wa timu yake akichezewa rafu, Orest alidondosha glovu na kumkunja jezi mkosaji. Watu walimpenda kwa hilo. Vidole vyake sasa vilikuwa vizito hata kushika kikombe.

Kiangazi kilichopita daktari alimshona utando wa ndani ya jicho la kushoto, akamwonya: ngumi moja tu, jicho litazima. Orest aliificha timu jambo hilo. Aliyejua ni mkewe, Lorna.

"Malizia msimu huu, uache," Lorna alimwambia. "Ila usipigane. Wakikuomba, kataa."

"Nitakataa," alisema, na alimaanisha.

Lakini wapiganaji wana adabu yao. Kijana anayetafuta nafasi akija kwa heshima, mkongwe humpa pambano, kwa kuwa naye alipewa. Orest alipewa lake la kwanza na mkongwe mwenye mbavu zilizovunjika. Siku hiyo ndiyo iliyompatia mkataba.

Jumapili mchana, wakisubiri mwamuzi adondoshe kisahani cha kuchezea ili mchezo uanze, kijana wa timu pinzani, Tanner Boutilier, alimgusa mguu kwa fimbo.

"Samahani, kaka. Naomba moja tu. Wiki hii timu inaniacha."

"Tafuta wa rika lako, dogo."

"Hao nani anawajua? Wewe, mama yangu kabandika picha yako kwenye friji."

"Mwambie abandike ng'ombe. Atapendeza zaidi."

Tanner hakucheka. Kutoka benchi, Gauthier wa timu ya Orest alipaza sauti: "Vipi, babu, unamnyonyesha?"

Orest aliitafuta ile *hapana* aliyomwahidi mkewe. Ilikuwapo, ila haikutoka.

"Haya. Vua kofia ngumu, nami navua."

Alitaka kuongeza, usinipige kushoto. Hilo haliombwi.

Ngumi ya kwanza ilimpata begani, ya pili shavuni. Ya tatu ilipotua, giza lilipanda kutoka chini ya jicho kama maji kwenye ndoo. Orest hakuanguka. Alimshika kijana jezi, akamwacha apige mbili zaidi, watu wamwone.

Baadaye Tanner alibisha hodi kwenye chumba cha matibabu. "Asante, kaka. Kocha kasema nibaki."

"Umepiga vizuri. Ila unainua kidevu. Kishushe, watakuua."

"Jicho vipi?"

"Nenda kaoge."

Lorna alikuwa amesikiliza mchezo redioni. Alimfungulia mlango wa gari, akazunguka, akashika usukani. Njia ya hospitali ilikatiza mashamba yaliyofunikwa theluji. Usukani wa magari ya huko uko kushoto, hivyo Lorna alikuwa upande wa jicho lililozima. Kujua kama analia, Orest angelazimika kugeuza kichwa chote.

Hakukigeuza.