Ndimu, Jua na Mafuta ya Mgando

Nilimwahidi Bi Nekesa kwamba sitampaka mteja usoni kitu chochote ambacho sijakijaribu kwanza kwenye ngozi yangu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza katika saluni yake mtaani Kaloleni, miaka ya tisini, nami nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha urembo mkononi. Bi Nekesa, mwenye saluni na mkuu wangu wa kwanza kazini, hakukitazama sana.

"Cheti nimekiona, mwanangu. Sasa anza kwa kuwa mteja."

Wiki hiyohiyo aliingia Akinyi, mfungashaji katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, uso ameuziba kwa leso. Alipoifungua, mashavu yalikuwa yakibabuka kwa krimu ya kung'arisha, iliyouzwa bila maandishi yoyote. Harusi yake ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Nipake ndimu itoe haya madoa," akaniomba. "Mama mkwe ananiangalia kama sufuria iliyoungua."

Kila nyumba mtaani ilikuwa na mtu aliyeisifu ndimu, nami nilitamani kujua ukweli wake. Nikamwomba arudi baada ya siku tatu. Nikajipaka ndimu shavu moja, nikatembea hadi mtaa jirani wa Ziwani na kurudi katika jua la adhuhuri. Kesho yake shavu liliwaka. Siku ya tatu likawa na baka jeusi. Ndivyo nilivyojua kwamba maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi.

Akinyi aliponiona alicheka hadi akashika kiti. "Fundi, kumbe na wewe unaolewa?"

Bi Nekesa akatufundisha sote wawili. Krimu iachwe. Sabuni ya kipande, ambayo Akinyi alioshea uso kila jioni, irudi kwenye nguo. Uso uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushwe kwa kugusagusa, kisha upakwe mafuta ya mgando kidogo ungali na unyevu. Nilitaka kujua kwa nini unyevu, nikapaka mkono mmoja ukiwa mkavu na mwingine ukiwa na maji. Kufikia saa sita mkono uliopakwa mkavu ulikuwa umepauka, mwingine bado laini. Mafuta hayo hayaongezi maji. Huyazuia yaliyomo yasitoroke.

Siku ya harusi madoa yalikuwepo bado, lakini ngozi ilikuwa imetulia. Shangazi mmoja alileta poda nzito ya kuyafunika.

"Acha, shangazi," Akinyi alisema. "Huu ndio uso mume wangu atakaouona kesho asubuhi."

Nimestaafu baada ya saluni tatu na wakuu wanne. Krimu nyingi nimezipima. Chache zimenifunza kama uso ule. Nakuomba jambo moja: ukimkuta binti yako akijing'arisha, usimgombeze. Muulize kwa upole ni nani aliyemwambia kwamba uso wake una kasoro, nawe usikilize jibu lake hadi mwisho.