Nilimwambia Kaka Kuwa Mama Mzima

Kaka yangu alikuwa mwokaji mikate katika meli kubwa ya watalii. Korona ilipoingia, abiria waliteremshwa, lakini wafanyakazi hawakuruhusiwa kukanyaga nchi kavu. Walikaa humo miezi, meli imetia nanga mbali na bandari, na mama yetu hapa Msambweni kila akimaliza swala ya alfajiri huniuliza, "Hawajamfungulia tu?"

Kisha masharti yakaanza kulegezwa. Kaka alipiga simu asubuhi moja, nami niko uani nakuna nazi. Akaniambia wamepewa hiari: anayetaka kurudi kwao ataondoka na ndege ya kwanza, anayetaka kubaki atabaki, kwa kuwa Wazungu wamechoka kufungiwa na safari za kiangazi chao zinaanza tena.

"Mama anaendeleaje?" akauliza. "Niambie kweli. Kama hali si nzuri, narudi."

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, hatua chache tu kutoka nilipokaa. Figo zilikuwa zimeanza kumshinda, na miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Alinitazama, akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kuniusia: "Usimtie simanzi mwanangu huko majini. Mwambie mimi mzima."

Nikasema, "Mama mzima. Wewe fanya kazi."

Ningependa kusema nilimtii Mama tu, lakini haikuwa hivyo. Hoteli ya Diani nilikokuwa nikitandika vitanda ilikuwa bado imefungwa, na nyumba nzima ilikuwa ikimtegemea Kaka. Nilitaka abaki.

Mama alifariki baada ya wiki tano, siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri. Tukamzika alasiri ile ile. Simu ya Kaka haikupatikana mpaka kesho yake. Nilipompa habari akauliza, "Aliugua lini?"

"Muda," nikajibu. Akakata simu.

Alirudi msimu ulipokwisha. Aliacha mizigo mlangoni, akaenda makaburini peke yake. Aliporudi nilimwandalia wali na samaki wa kupaka. Hakugusa.

"Siku ile nilipopiga, Mama alikuwa wapi?"

"Hapo uani. Alikuwa anatusikia."

"Na hukumpa simu."

"Alikataa, Kaka. Alijua ukisikia sauti yake utafahamu."

Aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya oveni ambayo sikuwahi kuyaona. "Nilikuwa nawaokea mikate watu waliokwenda kutembea," akasema, "na mama yangu anakufa."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, nami niliona alisema kwa kuwa dini inamtaka aseme. Alikaa siku kumi na moja, tukamsomea Mama hitima, kisha akaitwa tena melini. Wageni walikuwa wamerudi kwa wingi.

Hata hoteli yetu ilifunguliwa, nami nikarudi kazini. Natandika mashuka, nawaambia wageni karibuni. Pesa za matumizi ya nyumbani Kaka sasa humpelekea shangazi yetu, si mimi. Idi iliyopita nilimpigia mara tatu, na mara ya tatu akapokea. Nikasikia kelele za jikoni nyuma yake.

"Niko kazini," akasema, kwa upole kabisa. Akangoja niseme neno. Nikamwuliza kama amekula.

"Nimekula," akasema.