Mkwe na Nyumba Yake ya Magurudumu

Juzi nilikuwa nakula sato kwenye mgahawa mmoja wa Musoma, karibu na ziwa, akaingia bwana na mkewe, watu waliostaafu. Nje waliacha basi dogo lenye kitanda na jiko ndani. Walitoka Mbeya, wiki ya tatu barabarani, wakatenga siku hiyo moja ya kuzunguka mjini.

Mama hakula. Alimfunga samaki wake kwenye gazeti. "Huyu wa mama yangu, Butiama. Leo nataka nilale kwetu. Usiku mmoja tu."

Bwana akaweka mkono kichwani. "Tutamsalimia, tutarudi. Mimi mkwe nilale kwa mama mkwe? Nimezeeka, sijachanganyikiwa."

"Nyumba si umekuja nayo?"

"Ikisimama uwanjani kwake, nimelala kwake."

Mhudumu alikuwa anafuta meza, wala hakuulizwa. "Baba, hata kwetu mkwe halali ukweni. Ila paki nje ya ua, pua ya gari itazame barabara. Hapo wewe ni mpita njia."

Bwana alifikiri mpaka ugali ukapoa. Akamwambia mhudumu, "Funga na wangu. Mpita njia haendi mikono mitupu."

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, anatembea kama binti aliyeitwa na mama yake.

Nilicheka mpaka mwiba ukanikwama kooni. Wale wamekuja na nyumba nzima kutoka Mbeya. Mimi nakaa hapa hapa Musoma, Nyakato, mama yangu yuko Bunda, na kila Jumapili nasemaga basi limeniacha.