Giaboksi ya Gari la Harusi

Msicheke kabla sijamaliza. Abti, mjomba wangu, alitaka gari lake la zamani ndilo limpeleke binti yake mjini Modogashe kuolewa. Giaboksi yake ya otomatiki niliifumua na kuiunga upya mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, na tangu hapo usingizi ulinihama.

Asubuhi ya harusi bibi harusi akaketi nyuma, wanawake wakapiga vigelegele. Nikaweka gia. Injini ikanguruma, gari likatetemeka tu pale pale. Nikaamini nimekosea kupanga sahani za klachi.

"Abti, nisubiri kidogo," nikasema, nikajitosa chini ya gari na kuimwaga mchangani oili yote nyekundu ya giaboksi, ambayo Garissa nzima haipatikani.

"Wewe fundi!" Ayeeyo, bibi yetu, alikuwa ameinama kando ya gurudumu. "Haya mawe ni ya nani?"

Yalikuwa yangu. Breki ya mkono haikushika, usiku nikaegesha kama madereva wa malori, kwa kuzuia magurudumu kwa mawe, nami nikachagua mawe makubwa kuliko yote.

Abti akatazama mawe, akatazama mchanga ukinywa oili.

"Shuka, mwanangu," akamwambia bibi harusi. "Utakwenda na lori la mbuzi."