Mlango Alioufungua Mzevinar

Uzi ulikatika Alhamisi, siku tatu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Giorgi, na kufikia saa sita mchana kijiji kizima cha Kldistavi kilikuwa kimeshajua kosa ni la nani. Ni la Pikria, mkamwana wa Mzevinar. Ndiye aliyeuzungusha ule uzi mweupe wa sufu kwenye kuta za kanisa kongwe baada ya mavuno ya zabibu, mara tatu, akiubandika kwa matone ya nta ya mshumaa kila baada ya hatua mbili, akaweka nadhiri: mimba hii ya tatu isitoke kama zile mbili. Mimba ikakaa. Sasa ilikuwa ya miezi mitano, na uzi umekatika.

"Uzi haukatiki bure," alisema jirani yao Guliko huku anakanda unga. "Ana jambo anatuficha huyu. Jumapili aje miguu mitupu, asimame palepale ulipokatikia, chini ya mlango wa kusini, ibada nzima. Mtakatifu atamsamehe."

Pikria alikubali. Kwa ajili ya mtoto angekubali kusimama hata juu ya makaa. Mzevinar yeye alichukua fimbo yake akapanda kilimani kwenda kuutazama huo uzi.

Mzevinar alikuwa binti wa mwashi. Baba yake alimfundisha kusoma mawe kabla hajajua herufi: hapa patasi ilishikwa kwa mkono wa kushoto, hapa moto ulipita, jiwe hili limetolewa jengo jingine likapachikwa kichwa chini. Baadaye akaenda mji mkuu, Tbilisi, kusomea kazi ya kupima magofu, na kwa miaka arobaini, mpaka aliporudi kijijini, akala mkate wake huko, akitambaa vumbini na tepu, akichora kila jiwe lilivyo, kisha akieleza nani alijenga nini na kwa sababu gani. Alikuwa hodari. Alikuwa pia mbishi, na ukimwambia amekosea, ulikuwa umejitafutia adui wa mwaka mzima.

Sifa yake ya kwanza aliipata papa hapa kijijini kwao, akiwa na miaka ishirini na sita. Mlango wa kusini wa kanisa ulikuwa umezibwa kwa mawe tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mawe yenyewe yalikuwa ya ovyo: moja limechongwa msalaba, jingine ni nusu ya jiwe la kusagia, jingine ni kidato cha ngazi kilicholika kwa miguu ya watu. Akaandika daftarini: "Yamejazwa baadaye na mafundi wasio na ujuzi." Akashauri yatolewe, yakatolewa. Ukatokea mlango wa ajabu, tao lake limezungukwa na mizabibu na ndege wa kuchongwa, na wazee wakalia kwa kuuona. Mchoro wake ukaingia kitabuni. Mawe yaliyotolewa yakaachwa penye uzio, na Kldistavi hawatupi kitu. Moja likawa ngazi ya mtu, mawili yakaenda zizi la nguruwe, na Mzevinar mwenyewe akachukua lile zuri lenye umbo la kabari, lililokuwa juu kabisa ya mengine, akawa analitumia kukandamizia achari ya siki mtungini.

Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliukuta umezibwa, akauzibua, na akapigiwa makofi.

Alhamisi hiyo aliona kwamba mizunguko yote mitatu ya uzi imekatikia mahali pamoja, karibu na bega la mlango, na matone ya nta huku na huku yako vilevile. Nyuma ya uzi palikuwa na ufa mwembamba ulioshuka toka kwenye tao mpaka chini. Ndani ulikuwa mweupe. Hapakuwa na kuvu wala utando wa buibui. Ulikuwa ufa mpya.

Alikoroga jasi, akapaka ukanda mwembamba kuukingama ule ufa, akaandika tarehe kwa msumari. Watu wa kazi yake huuita ukanda huo shahidi: haujui kunyumbuka, ukuta ukisogea hata unywele, unavunjika. Kwa kawaida shahidi hungojewa miezi. Ijumaa ulikuwa mzima. Jumamosi asubuhi, baada ya jalidi ya kwanza, baridi ya kugandisha maji, ulikuwa vipande viwili na ukucha unaingia katikati.

Alirudi nyumbani akaufungua mchoro wake wa zamani, ule wenye mawe ya kuzibia, akautazama mpaka chai ikapoa. Nani ataweka jiwe la kusagia katika ukuta wa kanisa? Mtu asiye na muda wa kutafuta jingine. Nani atang'oa kidato cha mlangoni kwake? Kila jiwe lilitoka nyumba yake. Hawakuwa mafundi wale. Ilikuwa ni kijiji kizima, pengine kwa siku moja tu, kila mtu na alichokiokota, kwa kuwa ukuta ulikuwa umeanza kuanguka.

Aliogopa. Aliona aibu pia, na tusimfichie: aliwaza kunyamaza. Angemlaza Pikria kitandani kwa kisingizio cha homa, yakaisha. Lakini wengine wote wangeingia. Mficha uchi hazai, alijiambia, na siku hiyo hakula kitu.

Jumapili ukungu ulikuwa mzito. Kondoo walikuwa wameshachemshwa, mishumaa imewashwa, na watu kama sitini walikuwa wanapanda. Mbele alikuwa Ushangi, mkuu wa karamu ya mwaka huo, na nyuma yake Pikria, miguu yake imekuwa myekundu kwa baridi. Mzevinar alikuwa amesimama mlangoni, fimbo kaikingamisha.

"Ondoka hapo, dada, kasisi yuko nyuma anakuja," alisema Ushangi.

"Hamuingii."

"He! Mlango ni wewe uliyetufungulia, ukaandikwa mpaka magazetini. Leo profesa amekuwa bawabu?"

Watu wakacheka.

"Niliufungua kimakosa."

"Hebu sema tena," alisema Guliko. "Wengine masikio mazito."

"Umesikia, Guliko. Nilikosea. Nilijiona najua kuliko waliokufa. Uzi haukukatwa na dhambi ya binti huyu, umekatwa na ukuta, na ukuta nimeuharibu mimi. Mkitaka mtu wa kusimama miguu mitupu, nipo. Lakini nje."

Akawaonyesha shahidi. Ushangi aliinama, akaingiza ukucha wa kidole gumba. Wakati huohuo mchanga ukaanza kumwagika kutoka katika tao, kidogo kidogo kama unga wa chekecheke, ukamwagikia kofia yake. Akaivua, akaitazama. Hapana aliyecheka.

"Zizini kwangu yapo mangapi ya huku?" aliuliza.

"Mawili."

"Basi nguruwe wangu wanisamehe. Twendeni!"

Nyama ikapoa, divai ikabaki mitungini. Waliteremka, wakarudi kila mmoja na jiwe: mwenye ngazi kang'oa ngazi, mwenye tanuri kabomoa tanuri. Mzevinar alimwaga achari yake, akalibeba jiwe lake ndani ya aproni, akimfukuza Pikria aliyetaka kumsaidia. Walijaza mlango kutoka nje, hakuna aliyeweka mguu ndani, na hakuna aliyeimba. Jioni Ushangi alilipiga nyundo jiwe la kabari juu ya yote mpaka likakaza. Mchanga haukukoma.

Jumatano asubuhi, baada ya jalidi nyingine, kijiji kilisikia kishindo, kisha mbwa wote wakibweka. Paa lilikuwa limekwenda, na kuta tatu pamoja nalo. Kilichobaki kimesimama ni kipande cha kusini chenye mlango uliozibwa. Guliko alikuja siku hiyo na mkate wa moto, akauweka mbele ya Pikria, akaondoka. Mwezi wa Machi Pikria akajifungua mtoto wa kike.

Kiangazi kilichofuata alikuja binti mmoja wa chuo kikuu na tepu yake, akapima magofu siku mbili. Mzevinar alimpelekea chai kilimani, akachungulia daftari.

"Umeandika nini hapa?"

"Kwamba mlango ulijazwa baadaye na mafundi wasio na ujuzi, bibi. Kitabu kinasema mwanzo ulikuwa wazi. Aliyeuchora humo alikuwa bingwa."

"Futa."

"Nifute? Niandike nini?"

"Andika waliogopa."

Binti akatabasamu kwa adabu, kama watu wanavyowatabasamia wazee. "Bibi, hilo huwezi kulijua kwa kutazama mawe."

Mzevinar aliinua fimbo akaonyesha jiwe la kabari juu ya mengine yote. "Panda ulinuse lile," alisema. "Lina siki mpaka leo."