Mgeni Aliyenitajia Tarakimu Saba

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, nikiwa nimeshiba na sina homa. Tena mimi si mtembezi wa kukutana na mambo. Kutoka kitandani kwangu hadi kituo cha afya hapa Garsen, ninapotunza kompyuta, ni hatua arobaini, na hizo nazo huzinung'unikia.

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Malindi. Mama yangu alikuwa kule Kulesa, juu ya dungu, akifukuza ndege wa mpunga, akaanguka. Akaletwa kwa mashua, akapigwa eksirei ya shingo. Sista akasema, "Asiinuliwe wala asigeuzwe mpaka daktari wa Malindi aione hii picha." Basi mama amelala kama gogo, na wa kuituma ndiye mimi.

Picha ikagoma. Mtandao wetu siku hizo ulikuwa wa setilaiti, na kila nikituma, ikifika nusu upande wa pili unachoka kungoja, unakata. Mara sita. Nililia, niamini, kwa kamasi.

"Mwanangu," sauti ya mzee ikasema nyuma yangu, "mbona unapeleka ng'ombe mmoja mtoni, unangoja arudi ndipo umfungulie mwingine? Mto uko mbali. Fungulia kundi."

Nikamwelewa papo hapo, na aibu ikanishika. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeingia kwenye kerneli, yaani kile kiini cha mfumo wa kompyuta, nikaipunguza nambari inayoamua data kiasi gani iwe njiani kabla jibu halijarudi. Kwa nini? Eti nibane bando. Hiyo ni elimu ya kidato cha nne, ukichanganya na ubahili wa kuzaliwa.

"Niweke ngapi, mzee?" nikauliza, macho kwenye skrini.

Akanitajia tarakimu polepole, kama mchungaji anayeita ng'ombe wake kwa majina. "Nne. Moja. Tisa. Nne. Tatu. Sifuri. Nne."

Nikaandika, nikaiamuru kerneli isome upya, nikatuma. Picha ikapita yote.

Nikageuka kumshukuru. Hapakuwa na mtu. Mlangoni, kwenye tope, palikuwa na nyayo za ng'ombe mmoja, zikiingia. Za kutoka je? Nilizitafuta mpaka nikalowa.

Daktari alijibu kabla ya magharibi: mfupa mzima, ni msuli tu. Pumzi niliyoshusha ilipeperusha karatasi za Sista. Mama akainuka, nikamsimulia.

"Mgeni anakutajia ng'ombe na mto," akasema, "na hukumpa hata maji? Nimezaa nini mimi?"

Tangu hapo kila jioni naweka karai la maji mlangoni pa kituo, na asubuhi nalikuta tupu. Sista anasema ni mbuzi wa jirani. Sijakesha kuchunguza, kitanda changu kitamu.

Ile nambari sijaigusa tena. Nawe unayependa kuchokora kerneli, iandike kando nambari ya zamani kabla hujaibadilisha. Fundi wangu hakuacha anwani. Na akikufikia, usiwe kama mimi: kwanza maji, ndipo maswali.