Fundi Wavu na Tangazo la Sabuni

Fundi Wavu hakupatana na kitu chochote kinachoingia ndani bila kubisha hodi. Ndiyo kazi iliyomlisha tangu ujana: kupiga wavu wa waya kwenye madirisha ya watu ili mbu wabaki huko huko nje. Mafundi wengine walitumia waya wa matundu makubwa. Yeye alitafuta ule mwembamba kabisa, akauvuta mpaka ukalia ukiugusa kwa kidole, akaubana pembeni kwa mbao na misumari midogo, asiache mwanya hata wa kupitisha sindano. Mbu wa nyumba aliyoifunga Fundi Wavu, watu walisema, hufunga virago wakahamia kwa jirani.

Mtu mmoja tu hakumsifu, naye ni mkewe. "Wewe bwana," alimwambia kila joto lilipozidi, "mbu umewazuia, sawa. Na upepo je, nao unauma?"

Mkewe huyo mtaa mzima ulimwita Redio, na usidhani ni kwa ubaya. Aliamka akiongea, akapika akiongea, akafua akiimba, na hata akilala, fundi mwenyewe aliapa, aliendelea kidogo. Kila alilomwambia mumewe lilianza na hilo "wewe bwana," liwe la mapenzi, la ugomvi au la kumwita mezani. Fundi alijibu "mmh" tu, na ndoa ikaenda miaka yote hiyo bila kugonga mwamba.

Lakini hujafa hujaumbika. Asubuhi moja Redio alikuwa anaanika shuka, mkono wa kulia ukamlegea, shuka likaanguka, na yeye akafuata. Kiharusi. Hospitali walimrudishia mguu, na mkono kwa kiasi chake. Maneno ndiyo hayakurudi. Alielewa kila kitu, alicheka penye kuchekesha na kukunja uso penye kuudhi, ila akifungua mdomo kilichotoka kilikuwa "ta, ta, ta," na baada yake machozi. Nyumba ikapoa, jamani. Kuna siku fundi alikaa uani akigonga misumari kwenye ubao usio na kazi, ili tu pawe na sauti.

Mwalimu wa matamshi pale hospitali, dada mmoja mpole, alimweka fundi kitako. "Mzee wangu, maneno hayajafa, yamepotea njia. Mfanyishe mazoezi kila siku, na usichelewe, maana tukichelewa yatazidi kupotea. Kuna video za kumsaidia mtandaoni. Mwanzo atamfuatisha mwalimu tu. Tunachongoja ni neno analolileta mwenyewe, bila kuambiwa. Na kama alipenda kuimba, mwimbie. Wimbo una njia yake."

Fundi alilishika la video. La kuimba liliingia sikio hili likatokea lile, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya msumeno, na aliyempiga marufuku kuimba ni Redio huyo huyo, siku ya harusi yao.

Binti yao, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha, akawaletea laptopu yake ya zamani na kuwafungulia video. Mama mmoja wa miwani aliinua kikombe, akasema taratibu, "Ki... ko... mbe," akangoja. Redio akajivuta mbele. Midomo ikajikusanya. "Ki..." Fundi akashika pumzi. "Ki... ko..."

"GODORO LA KIFALME!" likapasuka jibaba moja kwenye kioo, linaruka juu ya kitanda. "LALA LEO, AMKA MTU MWINGINE!"

Redio akafunga mdomo. Alijaribu tena kikombe kiliporudi, lakini uzi ulikuwa umekatika. Akageuza uso ukutani.

"Huyu kapitia mlango gani?" fundi akafoka.

"Ni tangazo, Baba. Ngoja nikuwekee kizuia matangazo." Binti akabonyeza hapa na pale. "Hiki ni kama wavu wako. Kinakaa ndani ya kivinjari, hii programu tunayofungulia mtandao. Tangazo likitaka kupenya, kinalikamata."

"Matundu yake madogo?"

"Madogo sana, Baba."

"Haya, hapo sawa."

Wakakaa raha mustarehe majuma kadhaa. Kila baada ya chai walikaa mezani, na Redio akafikia kusema kikombe chote, akasema kijiko, akasema sahani. Lakini ilikuwa kufuatisha tu. Mama wa miwani akinyamaza, naye amenyamaza. La kwake mwenyewe halikuja hata moja. Na fundi, aliyekuwa akijifanya hasikii miaka yote ile, sasa hakutaka kitu kingine duniani ila kuitwa wewe bwana. Alilitaka kwa uchungu, tena hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wa kuambiwa mambo kama hayo alikuwa ni yeye Redio.

Halafu siku moja alipofungua video, palikuwa peusi. Katikati yake maandishi yakamwambia kwamba ameonekana anatumia kizuia matangazo, akizime au alipie. Na juu pembeni kivinjari nacho kina taarifa yake: kiendelezi kimezimwa, hakikubaliki tena. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Fundi akampigia binti simu, na binti akaja jioni na mkoba wake begani.

"Kivinjari kimejisasisha chenyewe, Baba. Kimebadilisha sheria za viendelezi, hivi vijiprogramu vinavyobandikwa ndani yake, kwa hiyo kile tulichoweka kimezimwa."

"Kwa idhini ya nani? Wavu wangu, dirisha langu!"

"Dirisha ni lao, Baba. Kampuni inayotengeneza hiki kivinjari ndiyo hiyo hiyo inayouza matangazo."

Fundi akamgeukia mwanawe. "Yaani fundi wa madirisha anafuga mbu?"

Redio akacheka mpaka mabega yakamtikisika, cheko bila neno. Binti naye akacheka, kisha akasema kwamba hata wanaotengeneza video wanakula kwa hayo matangazo, pengine na huyo mama wa miwani. Fundi akaguna.

Wakaweka kizuia kipya kinachofuata hizo sheria. Kikazuia haya, kikaacha yale yapite. Wakahamia kivinjari kingine, kikatulia siku chache, tovuti ya video ikashtuka, peusi pakarudi. Ikawa paka na panya, na kila walipokuwa wakihangaika mazoezi yalilala. Fundi alianza kuhesabu moyoni maneno ya mwalimu: usichelewe. Mwishowe akakata shauri. Azime kila kizuizi, halafu akae mwenyewe na kidole tayari, tangazo likitokea alifukuze kwa mkono.

Asubuhi hiyo walikuwa wawili tu. Mama wa miwani akainua kikombe. "Ki..." akasema Redio. Video ikakatika. Fundi akainama kuvizia kile kitufe cha Ruka, ambacho nacho, kwa ufidhuli wake, hakitokei mpaka umelitazama tangazo kidogo.

Lilikuwa la sabuni ya unga ya Povu Tele. Kumbe kampuni ilikuwa imeufufua wimbo wake wa zamani, ule wa enzi za redio za betri, ambao Redio aliuimba kwenye kila beseni alilowahi kuinamia.

"Loweka, fikicha," kikaimba kioo.

Kitufe kikatokea. Fundi akanyoosha kidole. Na palepale mkono wa kulia wa mkewe, ule dhaifu, ukatua juu ya mkono wake ukaubana mezani.

"Suuza, anika," Redio akaimba. Neno zima, kisha neno zima. "Povu Tele, nguo inacheka!"

Fundi alidhani mkewe ameshamaliza kuimba, akafurukuta kidogo kuutoa mkono apanguse macho. Redio akadhani anataka kuruka. Akamkazia jicho lile la siku zote.

"Wewe bwana," akasema. "Acha!"

Wimbo ukaisha, mama wa miwani akarudi na kikombe chake, wala hakuna aliyemsikiliza. Fundi Wavu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkono wa mkewe analia kwa sauti yake ya msumeno, na Redio anampigapiga kisogoni kama mtoto.

Jioni binti aliingia akihema, furaha tele. "Baba, nimepata kingine! Hiki hakipitishi kitu!"

"Usiweke, mwanangu."

"Usiweke? Baba, unaumwa?"

Fundi alikuwa amesimama juu ya kigoda na koleo mkononi, anang'oa misumari ya wavu wa dirisha la chumbani, mmoja mmoja. Mkewe alikuwa kitandani chini ya dirisha, upepo umeshaanza kumpuliza usoni, anamwonyesha kwa kidole msumari aliousahau.